Ukichimba Bwawa Mlimani, Umechimba Kisima

Ndugu msikilizaji, leo naomba tukae pamoja kwa muda mfupi tuzungumze juu ya maji, na hasa maji tusiyoyaona.

Mwezi wa nne, mvua zikiwa zimekolea, niliitwa na Hajati mmoja mwenye nyumba kwenye mteremko wa Buziga, hapa Kampala, upande unaotazama Ziwa Victoria. Uani kwake kuna bwawa la kuogelea la mita 8 kwa mita 4. Halina vigae kama mabwawa mengi ya hapa mjini. Limetandikwa turubai la plastiki ya samawati, ambalo sisi mafundi tunaliita laina. Hajati alinipokea getini akiwa amekasirika.

"Fundi, laina hii haijamaliza miaka mitatu, na tazama ilivyojikunja. Waliniuzia takataka."

"Pole sana, Hajati," nikamjibu. "Niruhusu kwanza nivue viatu."

Niliingia upande wa kina kifupi, maji yakanifika kiunoni. Mkunjo mkubwa ulianzia kwenye ngazi ukaelekea katikati, mnene kama kamba ya kufungia mashua. Nikaukanyaga kwa kisigino. Ukazama pale nilipoukanyaga, kisha ukainuka hatua moja mbele yangu, na sakafu yote ikayumba chini ya nyayo kama godoro lililojaa maji. Pale pale nilijua kwamba laina ya Hajati haikuwa na kosa. Chini yake palikuwa na mgeni.

Msikilizaji, huenda huna bwawa la kuogelea wala hutarajii kuwa nalo. Lakini laina za namna hii zimeenea zaidi ya nyumba za wenye uwezo. Zimo kwenye mabwawa ya kambare na ngege, zimo kwenye mashimo ya kuvunia maji ya mvua, na mahali pengine hutandikwa ndani ya mabwawa ya zamani ya zege yaliyopata nyufa. Sheria zake ni zile zile, kwa hiyo nisikilize hata kama unafuga samaki tu.

Laina ya bwawa la kuogelea hutengenezwa kwa vinili, unene wake ukiwa baina ya nusu milimita na robo tatu ya milimita. Ni nyembamba kuliko kadi ya benki. Haibebi uzito wowote. Kazi ya kubeba uzito ni ya udongo na kuta. Laina kazi yake ni kuzuia maji yasipenye. Na kitu kinachoishikilia laina mahali pake ni maji yenyewe. Bwawa kama la Hajati, ambalo wastani wa kina chake ni mita 1.4, linabeba lita 45,000 hivi. Kwa hesabu ya mtaani, hizo ni jerikani 2,250 za lita 20. Ni tani 45 zinazoikandamiza ile plastiki dhidi ya udongo usiku na mchana. Maadamu maji ya ndani yamesimama juu kuliko maji ya nje, laina imetulia. Siku maji ya nje yatakaposimama juu kuliko ya ndani, laina itainuka, hata ingekuwa imetoka dukani jana.

Ikishainuka, hutanuka na kuhama kidogo. Mvua zikipungua, maji ya chini hutoroka polepole, na laina hushuka. Lakini hairudi pale pale ilipokuwa. Mkunjo tunaouona ni alama ya safari hiyo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hapa mkunjo ni dalili ya mvua iliyokwisha kunyesha.

Sasa tujiulize: maji hayo ya nje yanatoka wapi? Watu wengi hudhani kwamba anayeishi mlimani hana shida na maji ya ardhini, kwamba hiyo ni shida ya Bwaise na mabonde mengine yanayofurika. Nami nilidhani hivyo nilipohamia huku kutoka Mombasa, ambako nilijifunza kazi hii. Kule pwani, karibu na ufuo, maji ya chini hupanda na kushuka pamoja na bahari kujaa na kupwa, na mwamba wa matumbawe huyapitisha upesi. Hapa Kampala mambo ni mengine. Mvua ikinyesha juu ya kilima, sehemu yake hutiririka barabarani, na sehemu nyingine huzama. Hupita kwenye ule udongo mwekundu wa marramu wenye vitundu kama sponji, hadi ikute tabaka la mfinyanzi chini yake. Hapo haiwezi kuzama tena kwa urahisi, kwa hiyo hutambaa kuelekea chini ya mteremko. Mwisho wake unaujua: ni zile chemchemi zilizo chini ya vilima vyetu, ambako watoto hupanga foleni na jerikani, mahali ambapo Waganda hupaita oluzzi au ensulo. Kutoka hapo maji huingia kwenye mafunjo ya Lubigi au ya Kinawataka, au kwenye mfereji wa Nakivubo, ambao humwaga maji yake katika Ghuba ya Murchison.

Basi fikiria. Maji yako safarini ndani ya kilima, kutoka kileleni hadi chemchemini. Wewe umekuja katikati ya njia yao, umechimba shimo la kina cha mita 2. Babu yako angeliita shimo hilo kisima. Wewe umelitandika plastiki ukaliita bwawa, lakini maji hayajui kwamba umebadilisha jina. Yanaingia kama yanavyoingia kisimani.

Na aliye karibu na ziwa ana jambo la pili la kuhesabu. Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019 zililifanya Ziwa Victoria lipande, na mwezi Mei 2020 kipimo cha Jinja kikafika mita 13.42, juu kidogo ya rekodi ya mita 13.41 iliyokuwa imesimama tangu 1964. Mialo na fukwe za Ggaba, Munyonyo na Entebbe ziliingiliwa na maji, na watu waliziona picha za majengo yakiwa ziwani. Lakini ziwa likipanda halipandi ufukweni peke yake. Maji ya ardhini yaliyo nyuma ya ufuo nayo hupanda, kwa kuwa njia yao ya kutokea imeinuka. Bwawa ambalo halikuwahi kupata tabu kwa miaka 10 linaweza kuota mikunjo mwaka kama huo, na mwenye nyumba akabaki kumlaumu fundi.

Turudi Buziga. Nilimuuliza kijana anayetunza bwawa: wiki hii umefanya nini? Akanieleza bila kuficha, na ninamshukuru kwa hilo. Maji yalikuwa yamepata utando wa kijani kwenye kuta. Akayapunguza kwa pampu mpaka upande wa kina kifupi yakabaki ya kufunika vifundo vya miguu tu, apate kusugua. Usiku ule mvua ikanyesha, na usiku uliofuata pia. Siku ya tatu akajaza tena kwa maji ya bomba, na mikunjo akaikuta imeshatokea.

Tukachukua sululu na koleo, tukachimba shimo la kimo cha mtu, mita 2 kutoka ukingo wa bwawa, upande wa juu wa mteremko. Jioni shimo lilikuwa na tope tu. Asubuhi yake niliporudi, maji yalikuwa yamesimama sentimita 70 kutoka usawa wa ardhi. Hajati aliinama akatazama ndani ya shimo, kisha akalitazama bwawa lake, kisha shimo tena. Sikuhitaji kumweleza kwa maneno mengi. Maji ya shimo yalikuwa juu kuliko mahali kijana alipoyashushia maji ya bwawa. Tani zilizokuwa zikiikandamiza laina aliziondoa mwenyewe, na kilima kikaisukuma kutoka chini.

Ndiyo maana nasema: kabla ya kuvuta, kabla ya kukata, kabla ya kununua laina mpya, uliza kwanza kilicho chini. Na mikunjo yenyewe husema, ukiisikiliza kwa unyayo.

Mkunjo mmoja au miwili mirefu, iliyotokea ghafla baada ya mvua, na sakafu inayoyumba ukiikanyaga: hayo ni maji. Kama pameinuka mgongo wa duara kama chungu kilichofunikwa, ukibonyeza unadunda kama puto, hiyo ni hewa. Hutokea sana kwenye mabwawa ya samaki yaliyochimbwa karibu na kinamasi, kwa sababu mizizi na majani yaliyofukiwa yanaoza na kutoa gesi isiyo na pa kutokea. Mikunjo iliyokuwapo tangu siku ya kwanza, ikakaa pale pale mwaka baada ya mwaka juu ya sakafu ngumu, hiyo ni kazi ya fundi aliyetandika haraka au mchanga wa chini uliosogea.

Na kuna mikunjo ya aina ya nne, ambayo huwaponyoka wengi. Ni midogo, mingi, imetapakaa kila mahali kama ncha za vidole vya mtu aliyekaa majini muda mrefu. Hii inatoka ndani ya bwawa lenyewe. Maji yakiwa na asidi nyingi kwa wiki nyingi, yaani pH ikiwa chini ya 7, na hasa klorini nayo ikiwa imezidi, vinili hunyonya maji na kuvimba. Laina inakuwa kubwa kuliko shimo lake, na ziada hiyo haina pa kwenda isipokuwa kujikunja. Kwa bahati mbaya, ikishafika hapo hairudi.

Hapa kwetu asidi huja kwa njia nyepesi. Maji ya mvua yenyewe yana pH ya 5.6 hivi, na Kampala hatukosi mvua. Maji ya chemchemi zetu nyingi nayo huelekea upande huo huo. Halafu kuna vile vidonge vikubwa vya klorini vinavyoyeyuka taratibu. Vina asidi kali, na kidonge kikiachwa sakafuni huipausha laina na kuikunja mahali kilipolala. Unga wa klorini una tabia tofauti, hupandisha pH, lakini chembe zake zikitua juu ya laina huibabua vile vile. Uyeyushe kwanza kwenye ndoo: maji yatangulie, unga ufuate. Na tafadhali sana, usichanganye unga na vidonge katika chombo kimoja, hata kijiko tu kilichotoka huku kikaingia kule. Vikikutana vinaweza kuwaka moto au kulipuka.

Pima maji mara mbili kwa wiki, na kila baada ya mvua kubwa. pH iwe kati ya 7.2 na 7.6. Klorini iwe miligramu 1 hadi 3 kwa lita. Ule uwezo wa maji wa kuhimili asidi, ambao kwenye vifaa vya kupimia huandikwa alkalinity, uwe kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano.

Sasa tiba. Nitaanza na lile usilopaswa kufanya, kwa sababu nililifanya mimi mwenyewe. Miaka mingi iliyopita, kwenye bonde moja kusini mwa mji, nilikuta bwawa lenye mikunjo mitatu. Nikaona njia fupi ni kulikausha lote, niitandike laina upya. Ilikuwa mwezi wa tano. Nilipofika asubuhi ya pili, laina ilikuwa imevutika kutoka kwenye pembe na kupasuka, na ukuta mmoja ulikuwa umefura kuelekea ndani, ukisukumwa na udongo uliolowa. Mwenye bwawa alilipa gharama ambazo hakustahili kulipa, nami nikalipa nilichoweza. Kosa lilikuwa langu, na nalitaja hapa redioni ili lisirudiwe na fundi mwingine. Bwawa la laina halikaushwi lote wakati wa masika. Hata la zege si salama: likikauka huku ardhi imejaa maji, linaweza kunyanyuka zima zima au kupasuka sakafu.

Kwa hiyo ukiona dalili za maji chini, usipunguze, jaza. Ongeza maji mpaka usawa wake wa kawaida, kwa kuwa huo ndio uzito unaokusaidia. Kisha shughulika na maji ya nje. Pale penye shimo lako la kuchungulia, simamisha bomba la plastiki lenye matundu, kina chake kipite sakafu ya upande wa kina kirefu wa bwawa, ulizungushie kokoto, na uweke pampu ndogo ya maji machafu. Umeme wa pampu hiyo uunganishwe na fundi umeme anayejua kazi, na usiwashwe kabisa mtu akiwa ndani ya bwawa. Mradi mkubwa zaidi ni mtaro wa kokoto upande wa juu wa mteremko, unaoyadaka maji kabla hayajafika kwenye bwawa na kuyaelekeza pembeni.

Kwa Hajati tuligundua jambo jingine. Jirani wa juu alikuwa amejenga nyumba za kupangisha, akaumwagia uwanja wote zege, na mifereji ya paa lake ikaishia kwenye shimo mpakani. Maji ya mabati yote yale yalikuwa yanapitia kwa Hajati. Hakugombana naye. Alimwita mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, wakakaa wote watatu, na jirani akakubali kuyapeleka maji yake kwenye mtaro wa barabara. Hiyo ilikuwa sehemu kubwa ya tiba, na haikuhitaji kifaa hata kimoja.

Mikunjo yenyewe tuliisubirisha mpaka mwezi wa saba, ardhi ilipokauka na shimo kubaki tupu. Mkunjo mdogo unaweza kuutoa bila kupunguza maji: chukua kile kipira chenye mpini cha kuzibulia sinki, kibandike pembeni mwa mkunjo, uvute kidogo kidogo kuelekea ukutani. Ule mkubwa ulihitaji tupunguze maji. Tulichagua mchana wa jua kali, kwa sababu vinili ikipata joto hulainika, na tukabakiza sentimita 15 upande wa kina kifupi. Tuliingia wawili, pekupeku, bila pete wala saa mkononi. Unaanzia katikati, unasukuma kwa ubapa wa unyayo kuelekea ukutani, hatua fupi fupi, kama mtu anayetandaza mkeka. Nyuma ya laina tuliingiza bomba la mashine ya kufyonza vumbi ili hewa itoke na plastiki ilale. Tukaanza kujaza, tukaendelea kusukuma maji yanapopanda, mpaka uzito ukaishika laina na mguu haukuweza kuisogeza tena.

Laina iliyozeeka haikubali hayo. Vilainishi vilivyomo ndani ya vinili hutoroka mwaka hadi mwaka, na jua letu la ikweta huharakisha, hasa kwenye ule ukanda wa juu usiofunikwa na maji. Ikishakuwa ngumu kama karatasi ya jalada, iache na mikunjo yake hadi siku ya kuibadilisha, maana ukiivuta utaipasua. Lakini isugue kwa upole pale penye tuta, kwa kuwa brashi hula sehemu iliyoinuka kwanza, na uchafu hujificha ubavuni mwake. Na waonye watoto: mguu mdogo hujikwaa kwenye mkunjo, na kujikwaa majini si sawa na kujikwaa uani.

Ndugu msikilizaji, nimeifanya kazi hii muda mrefu, na kinachonihuzunisha ni kuona watu wakitupa fedha nyingi kwa laina ya pili na ya tatu, huku kilima kikiendelea kumwaga maji yake pale pale. Tunajenga juu ya njia za maji kila siku katika mji huu. Tunaziba, tunafukia, tunasakafia. Aliye juu anamsukumia aliye chini, naye wa chini anamsukumia wa bondeni, mpaka yule wa mwisho analala juu ya meza na watoto wake. Hajati alianza na malalamiko juu ya plastiki, akaishia kuijua njia ya maji ya mtaa wake.

Nilimwachia kamba yenye jiwe mwishoni, nikaifunga fundo kila baada ya sentimita 20. Kila asubuhi ya msimu wa mvua anaishusha ndani ya lile bomba lenye matundu tulilosimamisha pale shimoni hadi jiwe lifike chini, kisha anaivuta na kuhesabu mafundo yaliyolowa. Fundo la pili kutoka chini liko sawa na sakafu ya bwawa.

Mwezi wa kumi na moja alinipigia simu alfajiri. Hakutaja laina wala mikunjo. Aliniambia, "Fundi, imenyesha usiku kucha. Kamba imelowa mpaka fundo la tatu. Bwawa limejaa, na pampu nimeshaiwasha."

Nami nikamjibu, "Ahsante, Hajati. Basi leo huna haja nami."